Reli iliyoishia Kamanyola: nani ana picha zake?

RUSIZI – Mfanyabiashara anayetoka Bukavu kwenda Uvira mara nyingi huukwepa mlima wa Ngomo. Huvuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza, hupita Gihundwe, huteremka hadi Bugarama, kisha hurudi Kongo kwa daraja la Kamanyola. Ni wachache wanaojua kwamba hapo Kamanyola zamani palikuwa na kituo cha mwisho cha treni.

Reli hiyo, CEFAKI, ilijengwa na Wabelgiji. Ilianzia bandari ya Kalundu, Uvira, ikafuata bonde la Ruzizi kwa kilomita zipatazo 90, na ilifanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Bukavu haikufika kamwe. Ziwa Kivu liko karibu mita 700 juu ya Ziwa Tanganyika, na sehemu kubwa ya mwinuko huo inaanzia Kamanyola.

Kwa hiyo mzigo uliotoka Dar es Salaam ulipanda treni hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914, ukapanda meli hadi Kalundu, ukapanda treni tena, na mwisho lori. Kila mwenye mzigo anajua hesabu yake: kila unapopakuliwa, kuna ujira wa wapakuzi na kuna kilichopungua.

Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina picha nyingi za Kongo ya wakati huo. Lakini katika picha za kikoloni, mara nyingi Mzungu ndiye hutajwa kwa jina. Waliobeba mataruma huitwa tu “wafanyakazi”. Majina yao yamebaki kwa wazee wa bondeni, na aliyekuwa na miaka 20 treni iliposimama sasa amepita 85.

Kwa hiyo anayelala safarini Kamanyola, Luvungi au Sange aulize kama mwenyeji ana picha ya zamani. Ainakili kwa simu mchana, mlangoni penye mwanga, apige na mgongo wake, kwa kuwa maandishi huwa huko. Kisha amrekodi mzee akitaja nani ni nani. Daraja na kituo cha mpaka asivipige; simu itachukuliwa.

Na sasa reli mpya ya kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi, inazungumzwa kila soko. Wazee hao waulizwe pia nauli ya gunia ilikuwa kiasi gani, na nani alilipa lilipopotea Kalundu.