Kuhifadhi, Kukariri, Kukumbuka: Mambo Yampasayo Mwalimu Kuyajua

Mwanafunzi anayejitayarisha kwa mtihani husema kwamba amelihifadhi somo. Akiulizwa amelihifadhi vipi, hujibu kwamba amelikariri usiku kucha. Kesho yake, mbele ya karatasi ya maswali, hulalamika kwamba hakumbuki. Vitenzi hivyo vitatu hutumiwa darasani kana kwamba vina maana moja, ingawa lugha yenyewe imevitenga. Kuhifadhi ni kuweka kitu mahali salama kisipotee. Kukariri ni kusema tena na tena. Kukumbuka ni kukirudisha kitu akilini wakati kinapohitajika. Mtu aweza kukariri asihifadhi, na aweza kuwa amehifadhi asikumbuke. Uchunguzi wa saikolojia wa zaidi ya miaka mia moja umeuthibitisha utengano huo, tena umeongeza jambo ambalo walimu wengi hawalitazamii: tendo la kukumbuka lenyewe ni mojawapo ya njia zenye nguvu zaidi za kuhifadhi.

Uchunguzi huo ulianzishwa na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kitabu chake juu ya kumbukumbu mwaka 1885. Mtu aliyempima alikuwa yeye mwenyewe. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, akazipanga katika orodha, akazisoma hadi aweze kuzitamka bila kosa, kisha akangoja. Baada ya muda alizisoma upya, akapima ni sehemu gani ya kazi ya kwanza ambayo hakulazimika kuirudia. Baada ya saa moja alikuwa ameokoa kama asilimia 44 ya kazi ile; baada ya siku moja, asilimia 34; baada ya siku 31, asilimia 21. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi waliyarudia majaribio hayo, na umbo la matokeo likawa lile lile.

Tarakimu hizo zataka kusomwa kwa makini. Kusahau hakuendi kwa mwendo mmoja. Huanza kwa kasi kubwa, halafu hupungua mwendo, hata tofauti kati ya siku ya kwanza na mwezi mzima ikawa ndogo kuliko tofauti kati ya dakika ya kwanza na saa ya kwanza. Ni kweli kwamba silabi tupu husahaulika upesi kuliko maneno yenye maana, na hakuna mwalimu anayefundisha silabi tupu (ingawa wako wanafunzi ambao, wakisimuliwa somo kwa lugha wasiyoielewa, hawapokei zaidi ya hizo). Lakini umbo lenyewe labaki: somo la Jumatatu lisiloguswa tena hadi mwisho wa muhula hupungukiwa zaidi katika siku zake za mwanzo, wakati ambapo mwalimu bado ameridhika kwamba limeeleweka.

Ebbinghaus huyo huyo aliona jambo la pili. Marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimpa faida karibu sawa na marudio 68 yaliyorundikwa katika siku moja. Hapo ndipo usiku ule mmoja wa kabla ya mtihani unapohukumiwa. Anayekesha hapotezi kila kitu. Aweza hata kufaulu asubuhi. Hasara yake huonekana mwaka unaofuata, wakati profesa wa kozi ya juu anapodhani kwamba msingi umekwisha kuwekwa. Tena anayekesha hujinyima usingizi ambao wenyewe hufanya kazi: tangu jaribio la Jenkins na Dallenbach mwaka 1924 imejulikana kwamba mtu akilala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko akikaa macho kwa muda ule ule.

Kabla kitu hakijahifadhiwa, sharti kipite kwenye mlango mwembamba. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller alieleza kwamba mtu mzima aweza kushika akilini kwa mara moja vitu vipatavyo saba. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliyapitia majaribio mengi, akahitimisha kwamba mtu asiporuhusiwa kujirudia moyoni wala kuunganisha vitu pamoja, idadi hiyo hushuka hadi kama vinne. Swali kubwa, hata hivyo, ni lile la kujua "kitu" ni nini. Mwalimu wa Lubumbashi aandike ubaoni herufi hizi 12: N, U, C, G, L, S, I, M, C, U, C, N, kisha afute. Wachache sana watazitaja zote kwa utaratibu wake. Sasa azipange upya: SNCCGCMUNILU. Darasa zima litazirudisha bila taabu, kwa kuwa kila mkazi wa mji huo anasoma humo vitu vitatu tu: reli, migodi na chuo kikuu. Mgeni atokaye Zanzibar, asiyejua vifupisho hivyo, ataendelea kuhesabu herufi 12. Mlango ni ule ule. Tofauti iko katika yale ambayo mtu amekwisha kuyahifadhi kabla ya kufika mlangoni.

Kwa sababu hiyo, yule ajuaye hujifunza kwa wepesi zaidi ya asiyejua, na mwalimu, ambaye ndiye ajuaye kuliko wote chumbani, ni rahisi sana kwake kukosea makadirio. Sentensi anayoiona kuwa wazo moja, kwa msikilizaji ni mawazo saba. Na katika nchi ya Kongo lugha huongeza mzigo wake. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezitaja lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, lakini Kifaransa huanza mapema kutawala ubao na daftari. Mtoto anayetafuta maana ya maneno ya swali la hesabu amekwisha kuitumia nafasi yake ndogo kabla ya kuifikia hesabu. Anachokosa huitwa kukosa akili. Tatizo hilo halimalizwi na Kiswahili kwa jina tu: mtoto anayesema *mutoto* na *bantu* nyumbani naye ana kazi ya ziada akikutana na *mtoto* na *watu* kitabuni, hata kama kazi hiyo ni nyepesi zaidi. Mwalimu anayelieleza wazo kwanza kwa usemi wa nyumbani, kisha akalipa jina lake la shule, hajashusha hadhi ya somo. Amepunguza vitu vinavyogombania mlango.

Kilichopita mlangoni nacho hakikai kama gunia la mahindi ghalani. Mwaka 1932 Mwingereza Frederic Bartlett alitoa matokeo ya jaribio alilolifanya Cambridge. Aliwapa wasomaji ngano ya Wahindi Wekundu wa Marekani ya Kaskazini, akawataka waisimulie baada ya muda. Mitumbwi ya ngano iligeuka mashua za kawaida, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na yale yasiyoingia akilini mwa Mwingereza yakaachwa au yakapewa sababu mpya. Wasomaji hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wakijenga upya kwa vipande vilivyobaki na kwa desturi walizozizoea. Makosa ya wanafunzi katika mitihani mara nyingi ni ya namna hiyo, na yafaa yasomwe kama anavyosoma Bartlett: kosa huonyesha ni ujuzi gani wa zamani uliojaza pengo.

Wahenga wa Katanga walilijua jambo hili kwa njia yao. Miongoni mwa Waluba, chama cha Mbudye kilikuwa na wataalamu walioitwa *bana balute*, watu wa kumbukumbu, nacho chombo chao kilikuwa *lukasa*, ubao mdogo unaoshikika kwa mkono mmoja, uliopambwa kwa shanga na simbi au kuchongwa alama. Mtaalamu aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, huku akisimulia habari za wafalme, koo, safari na mahali patakatifu. Ubao haukuandikwa maneno. Shanga moja ya rangi fulani iliweza kumkumbusha msomaji mtu, mahali au uhusiano, na masimulizi yalibadilika kwa kadiri ya hafla na msomaji. Aliyeushika bila kufunzwa hakuona ila mbao na shanga.

Lukasa ni kielelezo kizuri cha kile ambacho wataalamu hukiita kidokezo. Mwaka 1966 Endel Tulving na Zena Pearlstone waliwapa wanafunzi orodha za maneno yaliyopangwa kwa makundi. Walioombwa wayataje tu walikumbuka machache; waliotajiwa majina ya makundi walikumbuka mengi zaidi, ijapokuwa wote walikuwa wamesoma orodha zile zile. Maneno yaliyoonekana kupotea yalikuwamo. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikia. Kiswahili cha Katanga kina jina la haki kabisa kwa njia hiyo: *ukumbusho*, nomino itokayo katika kitenzi cha kusababisha. Wakazi wa mijini waliita hivyo picha zilizotundikwa sebuleni katika miaka ya 1970, zikiwamo za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa historia ya Zaire ambaye Johannes Fabian alimwandikia kitabu mwaka 1996. Picha ya ukumbusho haikumaliza habari. Ilimfanya mwenye nyumba aisimulie. Basi mwalimu anayeuliza swali, asipate jibu, akatangaza kwamba darasa halijui kitu, amekata hukumu mapema. Yapasa kwanza atoe ukumbusho mdogo: herufi ya mwanzo, mchoro, mfano wa juma lililopita. Jibu likija, ajue kwamba hifadhi ipo, na kwamba kinachohitaji mazoezi ni njia.

Njia hufanyiwaje mazoezi? Hapa ndipo desturi ya vyuo na matokeo ya utafiti yanapoachana. Katika kumbi nyingi mhadhiri husoma, wanafunzi hunakili. Au silabusi huuzwa, nayo husomwa na kusomwa tena, kurasa zikipigwa mistari hadi zichanike. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha nathari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika kwenye karatasi tupu yote lililoyakumbuka, bila kuonyeshwa kifungu tena. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojikumbusha walikuwa na 61. Na lililo zito zaidi: waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Imani hiyo ndiyo inayompoteza mwanafunzi mwenye bidii. Ukurasa uliosomwa mara ya nne huteleza machoni kwa wepesi, na wepesi huo huchukuliwa kuwa ndio ujuzi. Kujaribu kukumbuka, kwa upande mwingine, ni kazi yenye aibu. Mtu huona mapengo yake. Hivyo wengi huikimbia njia inayowafaa kwa kuwa inawauma. Ni vema kusema hapa kwamba lawama dhidi ya "kukariri kama kasuku" imechanganya mambo mawili. Mwanafunzi wa chuo cha Kurani, awe Kasongo au Lamu, anayesimama mbele ya mwalimu wake na kusoma aya kwa moyo bila ubao, yuko katika tendo la kukumbuka, na mwalimu yuko pale kumsahihisha neno kwa neno. Swali la kama anaelewa maana ni swali jingine, nalo ni la haki. Lakini kwa upande wa kuhifadhi, yeye amepata mazoezi ambayo mwenzake anayepiga mistari silabusi hajayapata.

Mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne atasema kwamba hawezi kusahihisha majaribio kila juma, naye asema kweli. Hata hivyo jaribio la kukumbuka halihitaji alama. Dakika kumi kabla ya kipindi kwisha, daftari zifungwe, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake mambo makuu ya mhadhara. Kisha daftari zifunguliwe, kila mmoja ajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Sehemu ya pili isiachwe, kwa sababu kosa lililokumbukwa bila kusahihishwa nalo huimarika. Mwanzo wa kipindi kinachofuata, maswali mawili yatoke katika mhadhara uliopita na moja katika ule wa mwezi uliopita. Mwalimu wa shule ya msingi asiye na vitabu aweza kufanya vivyo hivyo kwa sauti, mradi awape wote muda wa kutafuta jibu kimya kabla ya kumtaja wa kulijibu. Akitaja jina kwanza, wanafunzi arobaini hupumzika na mmoja hufanya kazi.

Gharama ipo, nayo isifichwe. Dakika kumi kwa kila kipindi ni kurasa kadhaa za silabusi zisizosomwa mwisho wa mwaka, na mhadhiri atakayejaribu utaratibu huu atalazimika kuchagua mapema ni sura zipi aziache.