Fahamu Sifa za Maafisa wa Meli za Biashara na Idadi ya Mabaharia Inayotakiwa Kabla ya Safari

Na Mwandishi Wetu

Meli ya biashara hairuhusiwi kuondoka bandarini kwa sababu tu chombo ni kizima, mafuta yapo na mizigo imekwishapakiwa. Kabla ya kung'oa nanga, mambo mawili zaidi lazima yathibitishwe: kwamba kila afisa aliyemo ana cheti halali kinacholingana na kazi anayoifanya, na kwamba maafisa na mabaharia waliomo hawapungui idadi iliyoandikwa katika hati ya meli hiyo. Moja likikosekana, lingine halitoshi.

Umuhimu wa masharti hayo hauhitaji maelezo marefu kwa Watanzania. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba, 2018 na kupoteza maisha ya watu zaidi ya 220. Akilihutubia Taifa siku iliyofuata, Rais wa wakati huo, Hayati Dkt. John Magufuli, alisema kuwa, mbali na dalili za kuzidisha abiria, alikuwa amepewa taarifa kwamba nahodha alimwachia usukani mtu asiye na mafunzo.

Kwa meli zinazosafiri baharini, sifa za maafisa zimewekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Viwango vya Mafunzo, Utoaji Vyeti na Ulinzi wa Zamu kwa Mabaharia wa mwaka 1978, unaofahamika kwa kifupi kama STCW, ambao ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na 2010. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Kwa upande wa Tanzania Bara, usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini na utoaji wa vyeti vya mabaharia ni jukumu la Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA). Mafunzo ya maafisa hutolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI).

Maafisa wa meli wamegawanyika katika idara kuu mbili. Idara ya sitaha huongozwa na nahodha, akisaidiwa na afisa mkuu na maafisa wa zamu, ambao huongoza meli, husoma ramani na rada na kusimamia mizigo. Idara ya mitambo huongozwa na mhandisi mkuu, akisaidiwa na mhandisi wa pili na wahandisi wa zamu. Cheti cha idara moja hakimpi mtu mamlaka ya kufanya kazi ya idara nyingine.

Cheti hutolewa kwa hatua. Anayetaka kuwa afisa wa zamu wa sitaha katika meli ya tani za ujazo 500 au zaidi sharti awe na umri usiopungua miaka 18 na awe amehudumu baharini kwa muda usiopungua miezi 12 ndani ya programu ya mafunzo iliyoidhinishwa. Asiyepitia programu hiyo hutakiwa kuwa na huduma ya miezi 36. Katika meli za tani 3,000 au zaidi, afisa mkuu lazima awe amehudumu miezi 12 kama afisa wa zamu. Nahodha anatakiwa kuwa na miezi 36, ambayo inaweza kupungua hadi 24 iwapo 12 kati yake aliitumikia kama afisa mkuu. Kwa wahandisi, kipimo si tani bali nguvu ya mitambo, na viwango hubadilika katika kilowati 750 na 3,000. Kwa hiyo, nahodha wa meli ndogo ya pwani, hata awe na uzoefu wa miaka mingi, hawezi kukabidhiwa meli kubwa kwa cheti hicho.

Vilevile, cheti hakidumu maisha yote. Afisa anapaswa kukihuisha kila baada ya miaka mitano kwa kuthibitisha kuwa bado ana umahiri, na cheti chake cha afya hakitumiki zaidi ya miaka miwili.

Sharti la pili linahusu meli yenyewe. Mamlaka ya nchi ambako meli imesajiliwa hutoa hati inayotaja idadi ya chini ya maafisa na mabaharia, pamoja na daraja la cheti cha kila mmoja. Idadi hiyo hutegemea ukubwa wa meli, nguvu ya mitambo, aina ya mizigo au abiria na umbali wa safari.

Kigezo kingine ni mapumziko. Kila baharia anayeshika zamu anastahili kupumzika kwa saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku saba. Meli yenye maafisa wawili tu wa zamu ikisafiri usiku na mchana, kila mmoja hufanya kazi saa 12. Akiongezewa saa tatu za kusimamia mizigo, hubakiwa na saa tisa, na kiwango kimekwishavunjwa. Afisa mwenye cheti halali lakini aliyechoka bado ni hatari kwa abiria.

Je, afisa akiugua ghafla? Mkataba unaruhusu mamlaka, pale tu panapokuwa na ulazima wa kipekee, kutoa kibali cha muda usiozidi miezi sita kwa mtu mwenye cheti cha ngazi iliyo chini moja kwa moja. Kibali hicho hakitolewi kwa nafasi ya nahodha au mhandisi mkuu, isipokuwa katika dharura isiyozuilika, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mmiliki wa meli hana mamlaka ya kujitolea kibali hicho.

Kwa vijana wanaotafuta ajira katika meli za kigeni, cheti cha Tanzania huhitaji kutambuliwa rasmi na nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Aidha, Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama anazoweza kubeba ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti pekee.

Wamiliki wa meli wanakumbushwa kuhakiki vyeti na idadi ya mabaharia kabla ya kila safari, na wananchi wanahimizwa kutoa taarifa kwa mamlaka husika wanapobaini chombo kinaendeshwa na mtu asiye na sifa. Taarifa inayotolewa kabla ya safari ndiyo inayookoa maisha.