Mkato wa Sekenke

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, utamu kolea! Leo uongo usije, wajukuu zangu, maana hii ni ya kweli.

Mkitoka Singida mjini kwa barabara ya Nzega, mtafika mlima Sekenke, wilayani Iramba. Huko Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya vita ya 1914. Dhahabu hupimwa mpaka vipande vya gramu, na Mjerumani hutenga gramu nzima na vipande vyake kwa mkato. Gramu kumi na mbili na nusu huandika 12,5.

Vita ikaisha, akaja Mwingereza. Yeye hutumia nukta: 12.5. Mkato kwake hutenga maelfu, na ndivyo mnavyofundishwa shuleni hadi leo.

Sasa someni hii: 1,250. Kwa Mjerumani ni gramu moja na robo, punje tu ya dhahabu. Kwa Mwingereza ni gramu elfu moja mia mbili na hamsini, zaidi ya kilo! Nani kakosea? Hakuna. Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulikubali nukta na mkato, vyote viwili, viwe alama ya desimali. Ulisema pia maelfu yaweza kutengwa kwa nafasi tupu: 1 250.

Msidhani mambo hayo yaliondoka na Wajerumani. Malori yanayopanda Sekenke leo, mengine huenda Burundi, ambako Kifaransa hutumika maofisini, na Kifaransa nacho huandika desimali kwa mkato. Hesabu za pande mbili zikikutana kwenye kompyuta moja, hapo ndipo pana kazi.

Kompyuta haimjui aliyeandika. Ikitegemea nukta, ikipewa 12,5, huenda ikaiona ni neno, ikakataa kujumlisha. Au itaufuta mkato na kusoma 125. Mvua ya milimita 12,5 itageuka 125, na Singida yetu kavu itaonekana imefurika!

Dawa ipo. Kwanza ulizeni: namba hizi ziliandikwa wapi? Pili, iambieni programu. Katika programu ya R, amri ya read.csv2 husoma mkato kuwa desimali na nukta mkato (;) kuwa mpaka wa safu. Katika pandas ya Python, mkisoma faili kwa read_csv, andikeni decimal=','. Katika Excel, chagueni alama ya desimali kwenye mipangilio. Tatu, msibadilishe mikato yote kwa pupa, maana mingine hutenga maelfu. Mkato wenye tarakimu moja au mbili nyuma yake ni wa desimali. Wenye tatu ndio wa kuuliziwa. Mwisho, litazameni jibu: je, mvua hiyo yaweza kunyesha kwetu kwa siku moja?

Wajukuu zangu, kabla hamjajumlisha namba ya mtu, mjueni kwanza aliyeiandika. Hadithi yangu imeishia hapo.