KANISA LA MSONGE LA NAMUGONGO

Sisi tukaao Majengo, katika mji wa Goma, twajua vizuri ya kuwa jengo ni kitu cha kupita. Mtaa wetu umejaa nyumba za mbao zilizosimama juu ya mawe meusi, na mawe hayo yalikuwa moto siku moja. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, mto wa moto ukapita katikati ya mji hata ukaingia katika ziwa Kivu, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena. Safari hiyo moto ulikoma ukingoni mwa mji, upande wa kaskazini. Kwa hiyo Mkristo wa Majengo akisikia sifa za kanisa zuri la nchi nyingine, huuliza kwanza: Uzuri huo umejengwa juu ya nini?

Kwa swali hilo tulikwenda kulitazama kanisa la Mashahidi wa Uganda huko Namugongo, mwendo wa kilomita kama 15 kutoka Kampala, upande wa kaskazini-mashariki.

Nyumba isiyofanana na makanisa mengine

Alionaye kwa mara ya kwanza haoni minara miwili wala kuta ndefu kama zile za makanisa makuu ya Ulaya. Aona nyumba kubwa ya mviringo, na paa lake lapanda likichongoka mpaka kileleni, mfano wa nyumba ya msonge ya wazee wetu. Walakini hapana nyasi wala fito: ni chuma na saruji. Nguzo 22 zatoka chini kuizunguka nyumba, nazo zainama kuelekea juu, kana kwamba watu 22 wamesimama duara na kushikilia paa moja. Hesabu hiyo haikuja kwa bahati. Ndiyo hesabu ya mashahidi Wakatoliki wa Uganda, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887, nao Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa Watakatifu huko Roma tarehe 18 Oktoba 1964.

Aliyelichora kanisa hili ni Justus Dahinden, msanifu wa majengo kutoka Uswisi, aliyefariki mwaka 2020. Mtu huyu alitoka katika nchi ya makanisa ya mawe, na angaliweza kuleta Namugongo mfano wa kanisa la kwao. Hakufanya hivyo. Alizitazama nyumba za Buganda, akajifunza kwazo, kisha akaliinua umbo lao kwa vyombo vya ufundi wa siku hizi.

Hapo tulisimama kufikiri. Katika Buganda ya zamani, msonge mkubwa kupita yote ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa Kabaka. Huko Kasubi, katika mji wa Kampala, iko nyumba kubwa ya msonge iliyokuwa ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, nayo tangu mwaka 1884 ni nyumba ya makaburi ya wafalme. Iliungua mwaka 2010, ikajengwa tena. Ndani yake amezikwa na Mwanga, yule yule aliyeamuru mashahidi wauawe. Alifukuzwa katika ufalme wake, akabatizwa uhamishoni, akafa katika visiwa vya Shelisheli mwaka 1903. Mabaki yake yakarudishwa nyumbani mwaka 1910. Basi leo umbo la nyumba ya mfalme lafunika mahali walipofia vijana wake wa nyumbani. Mwanga alidhani amewafuta jina. Kumbe walijengewa nyumba ya kifalme.

Altare na moto

Tuingie ndani. Watu huketi kuizunguka altare, kama jamaa waketivyo kuzunguka meko. Altare hiyo imesimama mahali alipochomwa Mtakatifu Karoli Lwanga.

Karoli Lwanga alikuwa mkubwa wa vijana waliomtumikia Kabaka. Yeye aliwalinda wasiingizwe katika mambo machafu, akawafundisha dini iliyoletwa na Mapadri Weupe waliofika Buganda mwaka 1879. Ni shirika lile lile lililoileta Injili katika Kivu yetu. Mwezi wa Mei 1886, huko Munyonyo, vijana walitakiwa kuchagua: kuacha kusali au kufa. Lwanga aliwabatiza wale waliokuwa bado wakatekumeni, na mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Kisha walifungwa, wakapelekwa kwa miguu mpaka Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886, Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa polepole kuanzia miguuni. Wenzake walichomwa siku ile ile, si mbali na hapo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Waanglikana nao wana mahali pao pa ibada karibu, na Papa Paulo VI alipofika Namugongo tarehe 2 Agosti 1969 alipatembelea pia.

Papa huyo ndiye wa kwanza wa nyakati hizi kufika Afrika. Huko Kampala aliwaambia Waafrika ya kuwa sasa wao wenyewe ni wamisionari wa nafsi zao. Kanisa la Namugongo lilitabarukiwa tarehe 3 Juni 1975 na Kardinali Sergio Pignedoli, mjumbe wake. Angalieni hesabu: tangu moto wa Lwanga hata siku ile ni miaka 89.

Kila mwaka tarehe 3 Juni mahujaji hujaa hapo, hata jengo halitoshi. Misa huadhimishwa nje, katika altare iliyo ndani ya ziwa dogo, na umati huketi katika miteremko inayolizunguka. Wengine huja kwa miguu siku nyingi, kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda, na hata Kongo kwetu.

Na Goma je?

Swali letu la kwanza limepata jibu. Uzuri wa Namugongo haukujengwa juu ya saruji. Ulijengwa juu ya neno moja la vijana: hatutaki. Ushahidi ulitangulia, nyumba ikafuata.

Basi tukirudi kwa fikira hapa kwetu, tusijione maskini. Goma ilipoteza Kanisa Kuu lake, lakini imepata shahidi wake. Floribert Bwana Chui, kijana wa mji huu, alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Alipewa rushwa apitishe chakula kilichoharibika, akakataa, kwa sababu chakula hicho kingewadhuru watu. Alitekwa akauawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo. Hao watu ambao huenda wangalikula chakula kile ni sisi, jamaa zetu na jirani zetu.

Enyi wanafunzi, pengine siku moja mmoja wenu atakuwa msanifu wa majengo, naye ataulizwa achore kanisa kwa heshima ya kijana huyo. Akitaka kujua aanzie wapi, na aende kwanza Namugongo akahesabu nguzo. Nasi tulio wazazi tuwape watoto wetu majina hayo mawili pamoja, Lwanga na Bwana Chui, tuwasimulie jioni nyumbani walichokikataa watu hao na kwa nini. Hadithi hiyo haiungui, hata mlima ukitapika tena.