Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tunaikumbuka kauli hiyo kila tuisomapo kesi ya Thomas Aikenhead, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliyenyongwa tarehe 8 Januari, 1697, akiwa na umri wa miaka 20. Wakati huo Scotland na England zilikuwa chini ya mfalme mmoja, lakini kila nchi ilikuwa na bunge na sheria zake.

Kijana huyu alikuwa yatima, hana mali wala jamaa mwenye cheo. Alisoma vitabu vya wapinga dini, akaikejeli imani mbele ya wenzake. Usiku mmoja wa baridi, wakipita karibu na kanisa, alisema heri angekuwa motoni apate kuota. Hatuyasifu maneno hayo. Sisi tuliolelewa katika vyuo vya Kurani twajua uzito wa kuyachezea matakatifu. Tunachouliza ni hiki: je, alihukumiwa kwa haki?

Mashahidi walikuwa wanafunzi wenzake. Sheria nazo zilikuwa mbili. Ile ya 1695 iliagiza mkosaji wa mara ya kwanza afungwe na atubu hadharani. Kifo kilikuwa adhabu ya kosa la tatu. Ile ya 1661 iliruhusu kifo papo hapo kwa aliyemtukana Mungu. Aikenhead hakuwa amepata kushtakiwa kabla, lakini hukumu ilifuata ile iliyo kali.

Alitubu, akaomba ahurumiwe kwa ujana wake. Baraza la Washauri wa Mfalme likajibu kwamba halitamwahirishia adhabu ila makasisi wamwombee. Wachache walimwombea. Lakini mkutano mkuu wa kanisa, katika siku hizo hizo, ulimwandikia mfalme ukitaka sheria za namna hiyo zitekelezwe kwa nguvu. Basi serikali ilitazama kanisa, na kanisa likatazama serikali, na baina yao kijana akafa. Baada yake hakuna mwingine aliyeuawa kwa kosa hilo katika Scotland wala England. Mnyonge walimnyonga, haki yake hawakumpa.

Kwa ndugu zetu wenye dhamana, funzo ni wazi. Ombi la asiye na mtetezi likifika mezani, lisirushwe kutoka ofisi hii hadi ile. Aliyepewa mamlaka ya kusamehe asingoje mwingine aanze.