Namba moja yenye kukataa kugawanywa

Siku moja mutoto atarudi ku masomo na kukuuliza: «Papa, hii nombre premier itanisaidia nini?» Usimujibu haraka kwamba ni kazi ya bure. Ikaa naye, umuandikie hii: 2.147.483.647.

Namba ya namna hiyo, vitabu vya Kiswahili vinaiita namba tasa. Haigawanyiki bila kubakisha, isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. 7 ni tasa. 9 hapana, kwani ni 3 mara 3. Ile yetu unaipata hivi: anza na 1, uizidishe kwa 2 mara 31, kisha utoshe 1.

Utajua namna gani kama kweli haigawanyiki? Anza na ndogo. Kwa 97, jaribu tu 2, 3, 5 na 7. Juu ya nini kusimama pale? Kama 97 ingetoka mu namba mbili zote zinazopita 9, jibu lingefika 100 ao zaidi. Basi moja lazima iwe ndogo. Kwa namba yetu, mwisho wa kujaribu ni 46.340. Hiyo ni kazi ya kuchosha!

Mu mwaka 1772 Leonhard Euler, Muswisi aliyefanya kazi kule Urusi, aliikata fupi. Macho yake yalikuwa karibu kufa, lakini akili iliona mbali. Alionyesha kwamba namba tasa yoyote yenye kuweza kuigawanya, ukiigawanya kwa 248, lazima ibakishe 1 ao 63. Zikabaki za kuangalia zisizofika 400. Hakuna hata moja iliyoigawanya.

Wewe wa ku mugodi unajua: jiwe la kijani si lote shaba, mpaka lipimwe. Marin Mersenne, mutawa wa Ufaransa, alisema mu 1644 kwamba kuzidisha 2 mara 31 na kutosha 1 kunatoa tasa. Alisema kweli. Alisema vile vile juu ya 67, na pale alikosea. Mu 1903 Frank Nelson Cole, wa Marekani, alitoa namba mbili zenye kuizaa.

Namba yetu nayo inazaa namba kamili, yaani yenye kulingana na jumla ya vigawanyo vyake bila yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Mu 1811 Muingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna mutu atapata kamili kubwa kupita hiyo, kwani hazina faida, nani atajisumbua? Lakini mu 1876 Édouard Lucas alipata tasa yenye tarakimu 39. Mu 2024 ikapatikana yenye tarakimu 41.024.320. Na faida? Leo siri za banki ku intaneti zinalindwa pia kwa namba tasa kubwa: kuzidisha mbili ni rahisi, kuzitenganisha tena ni shida kabisa.

Basi leo jioni, mupe mutoto 91 na 101. Moja inadanganya macho. Usimuambie ni gani. Muache ajaribu mwenyewe.