Utingo afanyeje abiria mgonjwa wa akili akipanda matatu?

MATATU ikiwa imejaa na muziki umefunguliwa hadi mwisho, mara abiria mmoja huanza kuzungumza peke yake. Walio karibu naye hutazamana, wengine hucheka, na kabla ya gari kufika steji inayofuata utingo huwa amekwisha kumgongea dereva asimame ili "kichaa" huyo ateremshwe. Mara nyingi nauli yake hairudishwi.

Wengi huona jambo hili kuwa mzaha. Lakini ikiwa abiria huyo alikuwa akienda kliniki kudungwa sindano yake ya mwezi, kumteremsha njiani kwaweza kumkosesha dawa. Mgonjwa akikatiza dawa, maradhi yaliyokuwa yametulia huweza kurudi baada ya majuma au miezi michache, na huenda akalazimika kulazwa tena.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa na ugonjwa fulani wa akili. Kwa hesabu hiyo, matatu ya abiria 14 huenda ikabeba mmoja au wawili kila safari. Wengi wao huketi kimya, hulipa nauli na kuteremka bila ya mtu yeyote kujua.

Wale wanaotambuliwa mara nyingi husingiziwa ulevi. Hapa msomaji afahamu kwamba baadhi ya mambo tunayoyaona hayasababishwi na ugonjwa wenyewe, ila na dawa. Haloperidoli, kwa mfano, yaweza kumfanya mtu atetemeke mikono, atembee kwa ugumu au ashindwe kabisa kutulia kitini, akipandisha na kuteremsha miguu. Klopromazini huleta usingizi na kukausha kinywa. Anayetumia lithiamu huwa na kiu na hutaka kwenda msalani mara kwa mara. Mtu wa aina hii akimwomba dereva asimame kwenye kituo cha mafuta, hana nia ya kumchelewesha yeyote.

Kuna pia hofu ya ghafla. Moyo humwenda mbio, pumzi humwishia, na mgonjwa huamini kwamba anakufa papo hapo. Msongamano na joto la gari lililofungwa madirisha huweza kuizidisha. Hofu hiyo kwa kawaida hufikia kilele chake katika dakika 10 hivi, kisha hupungua. Hata hivyo maumivu ya kifua yasipoisha, apelekwe hospitali, kwani kwa macho tu huwezi kujua kama ni moyo.

Utingo basi afanye nini? Kwanza apunguze muziki. Hili halina gharama yoyote, na kwa mtu anayesikia sauti kichwani kelele za spika ni mateso. Aseme naye kwa upole na kwa maneno machache, akimwita kama anavyowaita abiria wengine: mama, mzee, dada, ndugu. Asibishane naye kuhusu yale anayosikia au kuona, wala asiyakubali ili kuwachekesha abiria. Ampe nafasi karibu na dirisha au mlango, na asimshike mkono bila ya kumweleza. Mwishowe amuulize swali moja tu: "Unateremkia wapi?"

Akizidiwa na hasira hadi watu wakahofia usalama, dereva asimame mahali penye watu na mwanga, abiria wengine wateremke, kisha waite jamaa zake au wapige simu 999 au 112. Kumwacha mgonjwa kando ya barabara kuu usiku ni kumhatarishia maisha. Ifahamike kwamba wagonjwa wa akili hudhulumiwa mara nyingi zaidi kuliko wanavyowadhuru wengine.

Sheria nayo haiko kimya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kufikia usafiri wa umma kwa kadiri ifaayo, na kifungu cha 260 huhesabu hali za akili miongoni mwa ulemavu.

Kifafa, ambacho wengi hukichanganya na wazimu, ni ugonjwa wa ubongo. Mtu akianguka ndani ya gari asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani. Alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, na kama mitikisiko itapita dakika 5 gari lielekee hospitali.

Jamaa za mgonjwa wana lao la kufanya. Inafaa asafiri baada ya msongamano wa asubuhi, akiwa na nauli kamili ili pasiwe na ugomvi wa chenji, na abebe kadi ya kliniki pamoja na nambari ya simu ya nyumbani mfukoni. Anayemsindikiza hadi steji amnong'oneze utingo mahali pa kumteremsha. Habari za ugonjwa si lazima azitaje.